Nywila ya Outlook Haifungi Barua Zako

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi. Katibu muhtasi anauliza: "Nimeweka nywila kwenye faili la Outlook. Mwenzangu tunayetumia naye kompyuta bado anaweza kusoma barua zangu?" Mhasibu anauliza: "Kompyuta imeibwa, lakini nilibadilisha nywila ya barua pepe siku hiyohiyo. Niko salama?" Mwenye duka la vipuri naye: "Fundi amekaa na mashine yangu tangu juzi. Ameona nini?"

Wa kwanza: ndiyo, anaweza. Wa pili: hapana, hauko salama. Wa tatu: ameona chochote alichotaka kuona.

Makala haya ni ya wale wanaosoma barua za kazi kwa programu iliyo ndani ya kompyuta: Outlook, Thunderbird, Mail ya Apple. Programu hizo huhifadhi nakala ya barua kwenye diski yako, na nakala hiyo haijui kwamba umebadilisha nywila. Kama wewe husoma kwa kivinjari tu, ruka hadi sehemu ya nakala zilizotawanyika. Huko pia una deni.

Barua zako zimelala wapi

Kabla ya kufunga, jua unafunga nini.

- Outlook iliyounganishwa na Microsoft 365 au seva ya Exchange: faili linaloishia na .ost, ndani ya folda iliyofichwa ya AppData, chini ya jina lako la Windows. Barua zenyewe ziko pia kwenye seva.
- Outlook ya akaunti ya POP (mfumo wa kushusha barua kwenye kompyuta): faili linaloishia na .pst, mara nyingi ndani ya Documents, kwenye folda ya Outlook Files.
- Thunderbird: folda ya Profiles, nayo ndani ya AppData. Kila sanduku la barua ni faili moja refu la maandishi.
- Mail ya Apple: folda ya Mail ndani ya Library.

Hilo la POP linastahili kituo. Biashara nyingi ndogo hununua anwani ya barua pepe pamoja na tovuti, kwenye kifurushi cha bei nafuu chenye nafasi finyu. Boksi likijaa, aliyeweka mfumo hubadilisha mipangilio ili barua zishuke kwenye kompyuta na kufutwa kwenye seva. Matokeo yake ni kwamba zabuni, ankara na mikataba ya miaka mingi ipo sehemu moja tu duniani: faili la .pst kwenye mashine ya mhasibu. Hapo unakabiliwa na hatari mbili kwa pamoja, kuibiwa na kupoteza, na kila nitakachokueleza kinaanza na kutengeneza nakala ya akiba. Usiguse kingine kabla ya hapo.

Kufuli tatu zisizofunga

Nywila ya faili la .pst. Outlook inakuruhusu kuweka nywila ya hadi herufi 15 kwenye faili hilo. Microsoft wenyewe wanaeleza kwamba hiyo si kinga dhidi ya mtu aliyekusudia kuingia. Zipo programu ndogo za bure zinazoiondoa au kuibashiri kwa muda mfupi kuliko uliotumia kuiweka. Inamzuia mtoto anayechezea kompyuta, basi.

Nywila kuu ya Thunderbird. Hii inafanya kazi yake vizuri, ila kazi yenyewe siyo unayodhani. Inalinda nywila za akaunti ulizohifadhi. Barua zimeachwa nje ya ulinzi huo. Ukitaka ushahidi, fungua folda ya Profiles, tafuta faili linaloitwa Inbox lisilo na kiishio, lifungue kwa Notepad. Utaona vichwa vya barua, anwani za watu, na mara nyingi maneno yenyewe.

Nywila ya Windows peke yake. Hapa ndipo wengi huniambia nazidisha. Lakini nywila ya Windows inamzuia mtu kuingia Windows tu. Akichomoa diski, akaiweka kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta yake, hataulizwa nywila yako hata kidogo. Au atawasha mashine yako kwa flashi yenye Linux na kunakili folda zote akiwa ameketi kwenye kiti chako.

Na uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwenye simu? Uweke, tena leo. Unalinda seva. Faili lililokwisha shuka kwenye diski halikutumii namba yoyote.

Funga diski nzima

Dawa inayofanya kazi ni kusimba diski: kila kinachoandikwa humo kinageuzwa kuwa mchanganyiko usiosomeka bila ufunguo. Diski ikichomolewa na kuchomekwa kwingine, mwenye kuishika anaona takataka. Huhitaji kununua kitu. Windows Pro, Enterprise na Education zina BitLocker. Windows Home, kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni, ina kitu chepesi zaidi kinachoitwa "Device encryption". Mac zina FileVault. Kwenye Linux unachagua kusimba wakati wa kusakinisha.

Kwa mwenye Windows Pro:

1. Nakili barua na faili zako zote kwenye diski ya nje. Hakikisha nakala inafunguka.
2. Chomeka chaja.
3. Fungua menyu ya Start, andika BitLocker, chagua "Manage BitLocker", kisha "Turn on BitLocker" mbele ya diski C.
4. Utaulizwa uhifadhi wapi ufunguo wa kurejesha. Ni namba ya tarakimu 48. Soma maelezo yangu ya chini kabla ya kujibu.
5. Utaulizwa kama usimbe sehemu iliyotumika tu au diski yote. Kwenye kompyuta mpya kabisa chagua sehemu iliyotumika. Kwenye kompyuta iliyokwisha fanya kazi chagua diski yote, kwa sababu mabaki ya faili ulizofuta bado yamelala kwenye sehemu inayoonekana tupu.
6. Washa upya, endelea na kazi zako. Inaweza kuchukua saa kadhaa.
7. Rudia kwa diski D. Mafundi wengi hukata diski moja kuwa C na D, na watumiaji hushauriwa waweke kazi zao D "ili zisipotee ukipiga Windows". Basi C inasimbwa, D yenye faili la .pst inaachwa wazi. Nimekuta hali hii katika ofisi iliyojigamba kwamba mashine zake zote zina BitLocker.

Kwa mwenye Windows 11 Home: ingia Settings, kisha "Privacy & security", tafuta "Device encryption". Ikiwepo, iwashe. Isipoonekana, mashine haina vigezo. Nenda sehemu ya VeraCrypt hapo chini.

Mac: System Settings, "Privacy & Security", FileVault. Iwashe, hifadhi ufunguo, imekwisha.

Usiamini kwamba imewashwa kwa sababu uliibonyeza. Kwenye Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status, ubonyeze Enter. Kwa kila diski unatakiwa kuona "Protection On". Baadhi ya mashine za Windows hutoka kiwandani zikiwa zimesimbwa nusu njia, na kwenye ukurasa wa BitLocker utakuta maneno "BitLocker waiting for activation". Hiyo maana yake ufunguo umeachwa mlangoni. Diski imesimbwa lakini yeyote anaifungua, mpaka utakapokamilisha.

Ufunguo wa tarakimu 48

Sehemu hii ndiyo inayowaliza watu, kwa hiyo sitaharakisha.

Windows ikisasisha programu za ndani za mashine, au fundi akibadilisha ubao mama, siku moja utawasha kompyuta ukutane na skrini ya buluu inayodai ufunguo wa kurejesha. Ukiwa nao, unaandika, unaendelea. Usipokuwa nao, barua zako zimekwenda. Hakuna fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wala wa Luthuli Avenue, Nairobi, atakayezitoa, na anayekuambia ataweza anataka pesa ya kujaribu.

Makosa yanayojirudia:

- Kuhifadhi ufunguo kwenye kompyuta ileile. Windows inakataa kuuweka kwenye diski inayosimbwa, lakini watu hukikwepa kizuizi hicho kwa kuunakili baadaye, au kujitumia kwa barua pepe ambayo inafunguka kwenye mashine hiyohiyo tu.
- Kuuandika na kubandika chini ya kompyuta. Mwizi atakushukuru.
- Akaunti ya Microsoft ya mtu mwingine. Hili liangalie kwa makini. Kompyuta iliponunuliwa, fundi au kijana wa IT aliianzisha kwa akaunti yake binafsi ili kuokoa muda. Ufunguo ukaenda kuhifadhiwa kwenye akaunti yake. Akiacha kazi kwa ugomvi, ameondoka na ufunguo wa ofisi. Tazama kwenye Settings, sehemu ya Accounts, ni anwani ya nani inayoonekana. Ikiwa si yako wala ya ofisi, badilisha, kisha zima usimbaji na uuwashe upya ili ufunguo mpya utengenezwe.

Ninachoshauri: chapisha ufunguo kwenye karatasi mbili. Moja ikae kwenye kabati la ofisi linalofungwa, pamoja na hati nyingine nyeti. Ya pili ikae nyumbani kwa mwenye dhamana. Kwenye karatasi andika pia jina la mashine, kwa sababu ofisi yenye kompyuta sita itakuwa na tarakimu 48 mara sita, na siku ya dharura hakuna atakayejua ipi ni ya nani.

Jambo la mwisho hapa. BitLocker ya kawaida hujifungua yenyewe unapowasha mashine, kisha inakuachia kwenye ukurasa wa kuingia Windows. Kwa hiyo nywila ya Windows, niliyoidharau juu kule, sasa inapata maana. Isiwe 1234, isiwe jina la kampuni na mwaka. Na kama kompyuta yako inaingia yenyewe bila kuuliza chochote, umefunga diski bure.

Mashine ya zamani au Home isiyo na usimbaji

VeraCrypt ni ya bure, imekuwepo tangu 2013, na inafanya kazi hata kwenye Windows Home. Unaweza kusimba diski nzima kwayo. Ndiyo njia bora. Itakutaka nywila kabla Windows haijawaka, na itakutengenezea diski ya uokoaji. Itunze.

Wasiothubutu kufanya hivyo wanaweza kutengeneza kasha, yaani faili moja kubwa lililosimbwa ambalo likifunguliwa huonekana kama diski nyingine, tuseme M. Kwa wenye .pst:

- Tengeneza kasha kubwa kuliko faili lako. Kama .pst ni GB 8, kasha liwe GB 20. Barua hazipungui.
- Funga Outlook kabisa, hamishia .pst kwenye M.
- Fungua Outlook. Italalamika kwamba haioni faili, ielekeze M.
- Kuanzia hapo, kila asubuhi unafungua kasha kwanza, Outlook baadaye. Jioni unafunga Outlook kwanza, kasha baadaye. Ukigeuza mpangilio huu, faili la .pst linaweza kuharibika.
- Ukisahau nywila ya kasha, hakuna wa kukuokoa.

Kasha lina udhaifu wake, nao nausema wazi: faili la .ost ni gumu kuhamisha, na viambatanisho unavyofungua vinaacha nakala nje ya kasha. Ndiyo maana nimeliweka la pili.

Halafu jiulize kuhusu mashine yenyewe. Windows 10 iliacha kupokea masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kusimba diski ya mfumo uliokwisha telekezwa ni afadhali kuliko kuuacha wazi, lakini anza kupanga bajeti.

Kompyuta moja, watu watatu

Turudi kwa katibu muhtasi wetu. Kusimba diski hakumsaidii dhidi ya mwenzake wa zamu, kwa sababu wote wawili wanaingia kwenye mashine ikiwa tayari imefunguka. Anachohitaji ni hivi:

- Kila mtu awe na akaunti yake ya Windows na nywila yake. Ile akaunti moja inayoitwa Admin, isiyo na nywila, ifutwe.
- Akaunti za kila siku ziwe za kawaida. Akaunti ya msimamizi ibaki moja, kwa mtu mmoja, na isitumike kusomea barua.
- Usishushe barua nyeti kabisa kwenye mashine ya pamoja. Zisome kwa kivinjari, utoke, ufunge.

Kumbuka kwamba msimamizi wa mashine anaweza kujipa ruhusa ya kufungua folda za wengine. Ikiwa mtu unayemhofia ndiye msimamizi, hakuna mpangilio wa Windows utakaokutosha. Barua hizo zisikae hapo.

Nakala zilizotawanyika

Watu hufunga sanduku la barua wakasahau vipande vilivyokwisha toka nje yake. Vitafute:

- Viambatanisho ulivyofungua bila kuhifadhi. Outlook huviweka kwa muda kwenye folda iliyofichwa inayoitwa Content.Outlook, ndani ya INetCache. Programu ikifungwa vibaya, mathalani umeme ulipokatika, vinabaki. Mtu anaweza kukuta humo orodha ya mishahara ya mwaka juzi.
- Folda ya Downloads. Nyie wa kivinjari, deni lenu ni hili. Ifungue sasa hivi uhesabu mikataba.
- Barua ulizofuta. Thunderbird ikifuta barua inaiwekea alama tu. Maneno yanabaki ndani ya faili mpaka ubonyeze folda kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Compact". Outlook nayo ina "Compact Now" kwenye mipangilio ya faili la data.
- Nakala za akiba. Diski ya nje na flashi hupotea kwa urahisi kuliko kompyuta. Zisimbe pia: Windows Pro inaweza kusimba flashi kwa BitLocker, na ukishaisimba, mashine ya Home itaifungua kwa nywila.
- Simu. Barua za kazi ziko huko pia. Simu za sasa hujisimba zenyewe, lakini simu isiyo na namba ya kufungulia haijafungwa.
- WhatsApp. Ankara iliyotumwa kwa bosi kwa sababu "yuko safarini" sasa iko kwenye simu yake na kwenye kila kompyuta aliyounganisha nayo.

Kama diski nzima imesimbwa, vitatu vya kwanza vimefunikwa. Vitatu vya mwisho ni juu yako.

Punguza mzigo

Kisichokuwepo hakiibiwi. Mwenye Microsoft 365 afungue mipangilio ya akaunti kwenye Outlook, atafute kipimo cha barua za kuhifadhi kwenye kompyuta, akipunguze hadi miezi mitatu au mmoja. Barua za zamani hazifutwi. Zinabaki kwenye seva na unazitafuta ukiwa na intaneti. Anayesafiri kwenda maeneo yasiyo na mtandao aongeze kidogo.

Mwenye POP asifanye haraka. Kwake kufuta ni kufuta. Kwanza ongea na wanaokuuzia huduma, uhamie IMAP, yaani mfumo unaoacha barua kwenye seva, na boksi kubwa zaidi, ndipo upunguze.

Ukimpelekea fundi

Mafundi wengi ni waaminifu na wana kazi nyingi kuliko muda wa kusoma ankara zako. Tahadhari hii ni kwa ajili ya siku utakayompata mwingine, au mashine itakapolala dukani usiku.

- Kubadilisha skrini, kibodi, betri au tundu la chaja hakuhitaji nywila yako. Fundi anaona kama skrini inafanya kazi hata kabla ya Windows kuwaka. Akikuomba nywila, mwambie utakuja kuiingiza mwenyewe.
- Kupiga Windows upya kunafuta kila kitu kwenye diski hiyo. Nakili kabla, na usimwachie yeye kazi ya "kuhifadhi kwanza data zako" kwenye diski yake.
- Ufunguo wa tarakimu 48 unaandika wewe kwa mkono wako. Usimtumie kwa ujumbe.
- Ukibadilishiwa diski ya zamani kwa SSD, dai ile ya zamani. Hapa ndipo pengo kubwa kuliko yote. Mteja anaondoka amefurahi mashine inakimbia, na diski yenye barua zake zote inabaki kwenye droo ya fundi, kisha inauzwa kama ya mtumba. Ni mali yako, umeilipia. Kaa nayo, au iharibu kwa nyundo.
- Ukirudi nyumbani, angalia kama AnyDesk au TeamViewer imesakinishwa. Fundi huziweka kwa nia njema ili akusaidie akiwa mbali, na wakati mwingine huacha nywila ya kudumu. Ziondoe.

Mashine ikiwa wazi

Diski iliyosimbwa inalinda kompyuta iliyozimwa. Ikiwa inawaka na wewe umeenda kunywa chai, kila kitu kiko wazi. Jizoeze kitufe cha Windows pamoja na L kila unapoinuka. Kwenye Mac ni Control, Command na Q. Weka pia skrini ijifunge baada ya dakika tano.

Programu hasidi nazo husoma barua kama unavyosoma wewe, kwa jina lako. Njia yake ya kawaida ya kuingia ofisini ni zile programu za kuvunja leseni ya Windows na Office. Ukiambiwa uzime kinga ya virusi ili kitu kisakinishike, umekwisha pata jibu.

Mara moja kwa mwezi, fungua mipangilio ya barua pepe kwenye kivinjari utazame kanuni za kupeleka barua kwingine. Mtu aliyepata nafasi ya dakika mbili kwenye mashine yako hahitaji kuiba faili. Anaweka kanuni moja kwamba kila barua yenye neno "ankara" itumwe pia kwake, kisha anaenda zake.

Mnayonijibu

*"Mimi sina siri."* Una wateja. Mwizi hatafuti aibu zako. Anatafuta mazungumzo ya malipo yanayoendelea, ajifunze unavyoandika, kisha amtumie mteja wako barua yenye namba tofauti ya akaunti ya benki. Kwa mwaka 2023 peke yake, FBI walirekodi hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na utapeli wa barua pepe za biashara.

*"Kompyuta itakuwa nzito."* Kwenye mashine nyingi za miaka kumi iliyopita hutaona tofauti, kwa sababu prosesa ina sehemu maalumu ya kazi hiyo. Kwenye mashine kuukuu yenye diski ya kuzunguka utaona kidogo.

*"Umeme ukikatika katikati ya kusimba?"* BitLocker huendelea ilipoishia ukiwasha tena. Nakala ya akiba uliyotengeneza ni kwa ajili ya yale ambayo mimi na wewe hatukuyafikiria.

*"Kampuni ni ndogo, sheria hizo ni za mabenki."* Sivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya 2019, na Uganda pia. Barua pepe zako zimejaa namba za vitambulisho, wasifu wa waombaji kazi na vyeti vya hospitali vya wafanyakazi. Hizo ni taarifa za watu.

Imekwisha ibwa

Fanya kwa mpangilio huu, siku hiyohiyo:

1. Kutoka kwenye kifaa kingine, badilisha nywila ya barua pepe na uchague kutoka kwenye vifaa vyote. Futa pia nywila maalumu za programu, kama uliwahi kutengeneza.
2. Badilisha nywila zote ambazo kivinjari cha mashine hiyo kilikuwa kinazikumbuka: benki, mamlaka ya mapato, mifumo ya zabuni.
3. Angalia kanuni za kupeleka barua kwingine.
4. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ukiwa Kenya, namba ya OB. Bima na ofisi wataihitaji.
5. Mwambie mwajiri, hata kama unaogopa. Diski ilikuwa imesimbwa au haikuwa? Hilo ndilo litakaloamua hatua inayofuata.
6. Kama haikusimbwa, chukulia kwamba barua zote zimesomwa. Wapigie wateja wenye malipo yanayosubiri; wapigie simu, usiwaandikie, uwaambie wasikubali mabadiliko yoyote ya akaunti ya benki bila kusikia sauti yako.
7. Kama zilikuwemo taarifa za watu, ofisi itoe taarifa kwa mamlaka. Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu mlipogundua, iwapo kuna hatari ya kweli kwa wahusika. Tanzania, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe mapema iwezekanavyo.

Ikitokea kompyuta imepatikana baada ya wiki, usiiwashe ukaendelea ulipoishia. Toa faili unazohitaji kwa kuichomeka diski kwenye mashine nyingine yenye kinga ya virusi, futa kila kitu, piga Windows upya, washa BitLocker kwenye C na D, ndipo urudishe barua.